Dakika Tano za Mwanzo Darasani

Alhamisi moja jioni, hapa Maskati, binti wa mdogo wangu alikuja kunijulia hali. Alipotoa salamu nikadhani ana mafua. "Shikamoo, Mamkubwa," akasema, na sauti ikatoka imekwaruza kama ya mtu aliyekesha harusini akiimba. Nikamwitikia marahaba, nikamuuliza kama anaumwa. Akalegeza mtandio, akajimiminia kahawa, akachukua tende moja, ndipo akanijibu: "Siumwi. Ni darasa la saba."

Yeye ni mwalimu wa Kiingereza katika shule ya wasichana, na huu ni mwaka wake wa pili kazini. Darasa lina wanafunzi 32. "Nawafokea tangu naingia mpaka natoka," akaniambia. "Wananyamaza dakika mbili, wanaanza tena. Nikimtoa mmoja nje, wenzake wanacheka. Mamkubwa, mie kazi hii naona inanishinda. Barua ya kuacha nimeshaiandika, imo kwenye simu, bado kuituma tu."

Sikumwambia avumilie. Kumwambia mtu avumilie bila ya kumuonyesha njia ni kumzidishia mzigo. Nilimuuliza swali moja: "Ukishaingia darasani, dakika tano za mwanzo unafanya nini?"

"Naunganisha kompyuta na projekta, natafuta karatasi zangu, naita majina."

"Na wao wanafanya nini?"

Akanitazama, kisha akaanza kucheka mwenyewe. "Wao wanaongea."

Basi tukaanzia hapo. Niliyomwambia usiku ule ndiyo ninayotaka kuwaandikia leo, manake majumbani mwetu walimu ni wengi. Mwaka 1970 Oman nzima ilikuwa na shule tatu tu za serikali, na wanafunzi hawakufika elfu moja, wote wavulana. Shule zilipoanza kufunguliwa huku na huku, ndugu zetu wengi waliotoka Unguja, Pemba na pwani ya bara waliingia kazini na elimu waliyokuja nayo, na ualimu ukawa miongoni mwa kazi zao. Leo watoto na wajukuu wao ndio wanaoshika chaki. Na nyumba isiyo na mwalimu basi ina mtoto wa darasa la sita, la saba au la nane, kwa hiyo habari hii inamhusu kila mmoja wetu.

Umri wa katikati

Mimi nimefundisha Kiswahili na jiografia zaidi ya miaka thelathini, katika shule ya sekondari ya misheni huko kwetu pwani ya Kenya. Madarasa niliyopewa mara nyingi yalikuwa kidato cha kwanza na cha pili, kwa hiyo watoto wa umri huu nawajua.

Mtoto wa darasa la pili ukimwambia anyamaze, ananyamaza kwa kuwa wewe ni mkubwa na yeye ni mdogo. Kijana wa darasa la kumi na mbili ananyamaza kwa kuwa mtihani uko mlangoni. Huyu wa katikati, wa miaka 11 mpaka 14, hana sababu hiyo wala hii. Udogo umemtoka, na mtihani bado uko mbali. Anachokijali kuliko vyote ni wenzake wanamuonaje.

Na umri huo huo ndio tunaouhamisha. Hapa Oman, katika shule za serikali, mtoto akifika darasa la tano kwa kawaida hutoka katika shule ya wadogo akaenda ya wakubwa, wavulana kwao na wasichana kwao. Kenya nako, tangu mwaka 2023, darasa la saba, la nane na la tisa lina ngazi yake peke yake, wanaiita Sekondari Msingi. Mtoto aliyezoea mwalimu mmoja anayemjua kama mama yake anajikuta na walimu saba au wanane kwa wiki, kila mmoja na desturi zake. Mmoja anataka msimame akiingia, mwengine hajali. Mmoja anakusanya madaftari, mwengine anasema kaeni nayo. Halafu tunashangaa mtoto akichanganyikiwa.

Kosa ambalo sijalisahau

Kabla sijatoa ushauri, niseme na kosa langu, msije mkadhani nilizaliwa najua.

Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa na kidato cha kwanza chenye wanafunzi 47. Kijana mmoja alikuwa akichelewa karibu kila siku, na akishaketi anasinzia. Kila akichelewa nilimsimamisha mbele, uso umewaelekea wenzake, mpaka kipindi kiishe. Mara nyingine nilimpeleka kwa mwalimu wa nidhamu, akachapwa. Siku alizochelewa niliziandika zote kwenye rejesta. Idadi niliijua, sababu sikuijua. Muhula wa pili hakurudi. Nasema kweli, nilipumua.

Baada ya kama mwaka nilimkuta Likoni, karibu na feri, anasukuma mkokoteni wa maji. Yeye ndiye aliyeniamkia kwanza. Nikamuuliza kwa nini aliacha shule. Akanieleza bila ya hasira kwamba alikuwa akiamka saa kumi alfajiri kumsaidia mama yake kupika mahamri ya kuuza, kisha akapange foleni ya kuvuka, na feri ikiharibika ndio basi tena. Halafu akasema: "Kuchapwa nilizoea, mwalimu. Kusimama pale mbele ndiko kulikonishinda."

Kumuuliza pembeni kungechukua dakika mbili. Ningeweza kumpangia mwenzake wa kumwekea daftari lililoandikwa yaliyompita. Ningeweza kuzungumza na mkuu wa shule. Sikufanya hata moja, kwa sababu mbele yangu nilikuwa naona uchelewaji tu, mtoto mwenyewe sikumuona. Alikuwa na akili nzuri ya ramani, yule.

Fimbo ilipoondoka

Mwaka 2001 serikali ya Kenya ilipiga marufuku viboko mashuleni. Katika chumba cha walimu palikuwa kama pana msiba. Wazee wetu wakasema, mchelea mwana kulia hulia yeye, sasa watatupanda kichwani. Nami nilikuwamo katika walionung'unika.

Lakini palikuwa na sista mmoja aliyefundisha hisabati ambaye hakubadilisha chochote mwaka ule, kwa sababu fimbo hakuwahi kuishika. Wala sauti hakuwa akiipandisha. Darasa lake ukipita nje unasikia chaki. Nikamuomba niketi nyuma nimtazame. Nilitaraji nitaona ukali fulani. Nikaona mpangilio. Kila kitu kilikuwa na mahali pake, na kila mtoto alijua cha kufanya kabla ya kuambiwa.

Baadaye, kwenye semina ya walimu, tukasomeshwa habari za Jacob Kounin, mtafiti wa Marekani aliyechapisha kitabu chake mwaka 1970 baada ya kuwarekodi walimu kwa video wakiwa kazini. Alitaraji kuona kwamba walimu wenye madarasa yaliyotulia wanajua kukemea kuliko wenzao. Hakuona hivyo. Katika namna ya kumkemea mtoto aliyekosa, hawakutofautiana sana. Tofauti ilikuwa katika yanayotangulia kosa: mwalimu aliyetulia anaona chumba kizima kwa wakati mmoja, watoto wanajua kwamba anaona, na anapotoka kazi moja kwenda nyingine haachi mwanya. Nilipoyasikia hayo nikamkumbuka sista. Yeye kitabu hicho hata hakukisoma.

Sasa haya ndiyo niliyomwambia mwanangu, moja baada ya jingine.

Kikapu, na kazi iliyokwisha kuwekwa

Katika shule nyingi za kwetu wanafunzi wana chumba chao, mwalimu ndiye anayehama. Kwa hivyo mwalimu asiye na mpango huingia na mikono mitupu, au na vitu vimemjaa kifuani vinadondoka. Mimi nilikuwa na kikapu cha ukili. Ndani yake: chaki na kifutio, kalamu za akiba sita zilizofungwa uzi mwekundu ili zirudi, ramani ya viti, daftari langu la kumbukumbu, na karatasi za kipindi hicho zimeshapangwa kwa safu. Kikapu nilikipanga usiku, baada ya Isha. Asubuhi sikutafuta kitu.

Cha pili ni kazi ya mwanzo. Ni kazi fupi, ya dakika tano, ambayo mwanafunzi anaweza kuifanya peke yake bila ya kuelezwa: maswali matatu ya jana, sentensi mbili zenye makosa za kusahihisha, ramani ndogo ya kutia majina. Mwanafunzi wa zamu anaiandika pembeni mwa ubao kabla mwalimu hajafika, kutoka kwenye karatasi aliyopewa siku iliyotangulia. Mwalimu akiingia, anasimama mlangoni, anatoa salamu, anaitikiwa, na kalamu zinaanza. Hapo ndipo anapounganisha hiyo kompyuta yake na kuandika mahudhurio, kwa kutazama viti vilivyo wazi, bila ya kuita majina 32 mmoja mmoja.

Kazi hiyo lazima isahihishwe, hata kwa kupita na kuweka alama ya vema. Ukiipuuza siku tatu, wataipuuza ya nne.

Viti na majina

Wiki ya kwanza nilichora ramani ya viti, kila kiti na jina. Nilijipa siku tano kuyajua majina yote. "Wewe wa nyuma pale" halimtulizi mtu. Jina lake analijua, na akilisikia kwa upole anageuka.

Viti nilivipanga kwanza kwa miguu yangu: nahitaji njia ya kumfikia kila mtoto bila ya kuruka begi. Mwalimu anayefundisha kutoka mezani tu huwa na nusu ya darasa. Ukitembea huku unafundisha, mazungumzo mengi yanakufa yenyewe ukishasogea.

Wale wanaopenda maneno, usiwafungie nyuma pamoja, wala usiwaweke mbele kama waliohukumiwa. Watawanye, kila mmoja karibu na mtu mwenye kutulia. Kila baada ya mwezi badilisha viti vyote, ili asijione mtu kwamba amehamishwa kwa kosa. Asiyeona vizuri ubaoni na asiyesikia vizuri wakae mbele daima. Na waulize kwa siri, kwani wa umri huu hufadhilisha kuambiwa mvivu kuliko kuambiwa haoni.

Mkono juu

Kunyamazisha kelele kwa kelele ni kuzidisha kelele. Chagua ishara moja. Mimi niliinua mkono na kusimama kimya. Aliyeona, anainua wake na kunyamaza. Siku za mwanzo itachukua dakika nzima, nawe utaona haya kusimama kama mnara. Simama. Usianze kusema hata kama wamebaki wawili wanaonong'ona, manake ukianza umewafundisha kwamba kunyamaza si lazima.

Na ishara haitoshi kuielezea, lazima ifanyiwe mazoezi. Tulifanya mazoezi ya kunyamaza, ya kugawa karatasi, ya kupanga madawati kwa vikundi na kuyarudisha, kama vile watu wa maulidi wanavyofanya mazoezi ya dufu. Karatasi zinapita kutoka mwisho wa safu kwenda pembeni, si kila mtu anainuka. Wiki ya kwanza nilipoteza muda wa masomo, nakiri. Niliulipa mara nyingi mwaka mzima.

Kanuni za darasa zisizidi tano, na ziseme la kufanya: njoo na vifaa vyako, msikilize anayesema, omba ruhusa kabla ya kuondoka mahali pako. Orodha ya makatazo ishirini hakuna anayeisoma, hata aliyeiandika.

Zamu

Mtoto wa miaka 12 mwenye nguvu nyingi na asiye na kazi atajitafutia. Mpe. Nilikuwa na zamu za wiki mbili: mwenye kuandika kazi ya mwanzo, mwenye kukusanya madaftari, mwenye kugawa, mwenye kuwaandikia waliokosa yale yaliyosomwa. Hii ya mwisho niliianza baada ya siku ile ya Likoni. Paliwekwa jalada kwenye kabati, na aliyechelewa au aliyeugua anaenda kulichukua mwenyewe, bila ya kujieleza mbele ya watu.

Zamu zimzungukie kila mmoja. Ukizipa wale wale watatu wenye adabu, umetengeneza viranja watatu na maadui ishirini na tisa.

Subiri kabla ya jibu

Mtafiti mwengine wa Marekani, Mary Budd Rowe, katika miaka ya sabini alipima muda ambao walimu husubiri baada ya kuuliza swali. Akakuta kwa kawaida ni kama sekunde moja tu. Walipojizoeza kusubiri tatu au zaidi, majibu yakawa marefu, na watoto wasiojibu wakaanza kujibu. Hili kwetu lina uzito zaidi. Fikirieni mtoto anayezungumza Kiswahili na bibi yake, Kiarabu na rafiki zake, kisha anaulizwa swali kwa Kiingereza. Anatafuta neno katika makabati matatu. Mwalimu akikimbilia mwengine, huyu anajifunza kunyamaza, na aliyejifunza kunyamaza kwenye somo hujifunza kuongea pembeni.

Na walioko Uingereza na Marekani wanijuzie walimu wa huko jambo moja: mtoto wetu akisemeshwa na mkubwa huinamisha macho. Ndiyo adabu aliyofunzwa nyumbani. Asichukuliwe kuwa anaficha uongo.

Kemea karibu, sifu kwa kipimo

Ukiona kosa dogo, kwanza tazama. Halafu sogea. Halafu gusa daftari lake kwa kidole, useme kwa sauti ya chini, "Namba tatu, fanya," uondoke. Usisimame kumsubiri atii, kwa sababu ukisimama darasa zima linakuwa watazamaji, na mbele ya watazamaji mtoto wa umri huu hawezi kukubali kushindwa. Mpe njia ya kurudi na uso wake mzima.

Kosa kubwa, mwambie tutazungumza kipindi kikiisha, na kweli mzungumze. Mwanzo wa mazungumzo uwe swali: "Kuna nini?" Kisha nyamaza usikie. Andika kwenye daftari lako tarehe, lililotokea, ulilofanya wewe. Baada ya mwezi utaona mambo ambayo macho hayakuyaona: kwamba huyu huharibikiwa siku za Jumapili tu, au kipindi cha mwisho, au akikaa karibu na fulani.

Simu ya nyumbani

Mwisho nikamwambia: wapigie wazazi kabla hujawa na shida nao. Katika wiki tatu za mwanzo, kila mzazi apate neno moja jema la kweli kuhusu mwanawe. Siku ukipiga kwa ubaya, atakusikiliza kwa kuwa anajua humchukii mtoto wake.

Nasi wazazi tuna letu. Mtoto akija na malalamiko, tusimpigie mkuu wa shule kabla ya kumuuliza mwalimu. Na kama nyumbani kuna jambo, maradhi, msiba, baba yuko safarini, mama amejifungua, mwambie mwalimu. Siri zote hazihitajiki. Neno moja linatosha kumwepusha mtoto na kusimamishwa mbele ya wenzake kwa jambo ambalo si lake.

Mwanangu hakuyafanya yote kwa pamoja, na mimi ndiye niliyemkataza. Alianza na kazi ya mwanzo na mkono juu. Wiki ya kwanza akaniambia haifai. Wiki ya pili akasema afadhali kidogo, ila Jumanne waliharibu kabisa. Wiki ya tatu akampa zamu ya ubao yule msichana anayewaongoza wenzake kwa maneno, na ikaonekana ana hati nzuri kuliko wote. Bado anaongea. Lakini kazi ya mwanzo iko ubaoni kila siku kabla ya mwalimu kufika.

Akampigia mama yake. Mama aliposikia ni mwalimu wa shule, hata salamu hakumaliza. "Amefanya nini tena?"

"Hajafanya kitu, dada. Nimepiga kukwambia ana hati nzuri, na ananisaidia."

Pakawa kimya, mwanangu akadhani simu imekatika. Kisha yule mama akasema, "Hebu rudia tena, na baba yake asikie."

Barua sijui kama ameifuta. Sijamuuliza. Sauti yake, lakini, imerudi.